Thomas Baines: Mchoraji wa Mji wa Tete na Shtaka Lisilosikilizwa

Msafiri anayeabiri mashua katika gati la Mokowe kwenda Lamu huianza safari yake katikati ya mikoko. Kwa muda haoni mji wowote. Huona maji, mizizi na ndege weupe waliotua juu ya matawi. Mashua ikishapinda na kuingia katika mlango wa bahari ulio baina ya Lamu na Manda, mji hujitokeza kwa ghafla. Nyumba za mawe zimepanda mteremko kutoka ufuoni, paa juu ya paa, na nyuma yake vimeinuka vilima vya mchanga. Mimi ni mzaliwa wa Mokowe, na mandhari haya nimeyaona mara nyingi kiasi cha kutoyaona tena.

Yalinirudia darasani. Tulikuwa tukijadili mkondo wa ulimbwende katika fasihi, na mhadhiri wetu akatuonyesha nakala za picha zilizochorwa na Wazungu wa karne ya 19: miji midogo iliyojibanza juu ya vilima vya Italia, mbingu pana juu yake, na watu wadogo kama sisimizi wakipita chini. Alitaka tutambue kwamba wachoraji wa mkondo huo waliyapa maumbile nafasi ya mbele na binadamu nafasi ya kando. Nilitoka darasani na swali moja: je, yuko mchoraji yeyote wa mkondo huo aliyeketi mbele ya mji wetu wa Afrika Mashariki, mji uliopanda mteremko kama Amu, akautia katika turubai? Makala haya ni matokeo ya kulifuata swali hilo. Jibu la karibu nililolipata ni Thomas Baines, na mji wenyewe ni Tete, ulioko kando ya mto Zambezi katika nchi ya Msumbiji. Hata hivyo, nikiri mapema kwamba nilianza kwa kuitafuta picha nikaishia kwa kumtafuta mtu, kwa sababu kilichompata Baines katika mji ule kinastahili kuzingatiwa zaidi kuliko rangi alizozitumia.

John Thomas Baines alizaliwa tarehe 27 Novemba 1820 katika mji wa King's Lynn, mashariki mwa Uingereza. King's Lynn ni mji wa bandari ulioko karibu na mdomo wa mto, katika nchi tambarare yenye matope na vinamasi. Kwa hali hiyo hauko mbali sana na Mokowe kwa sura. Baba yake alikuwa nahodha. Kijana Baines hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alipofika umri wa miaka 16 alipelekwa kuwa mwanagenzi wa fundi aliyepamba magari ya farasi kwa rangi na nembo. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Mtu aliyeanza kwa kupaka rangi milango ya magari hujifunza mambo mawili ambayo vyuo havifundishi kwa urahisi: kuheshimu muda wa mteja, na kuhesabu rangi iliyobaki koponi.

Mwaka 1842 alihamia Cape Town. Huko aliishi kwa kazi ya kupamba magari, kisha kwa kuchora meli na sura za watu, na hatimaye akaanza kusafiri bara kutafuta mandhari. Vita vya nane baina ya Waingereza na Waxhosa vilipozuka (1850–1853), aliajiriwa kuwa mchoraji wa jeshi la Uingereza. Jambo hili halifai kupitwa kimyakimya. Picha alizozichora vitani zilionyesha mapambano kutoka upande wa waliokuwa na bunduki nyingi zaidi, na msomaji Mwafrika anayezitazama leo hawezi kuepuka kujiuliza mchoraji alisimama wapi. Baines hakuwa mtu wa kando ya ukoloni. Alikula mkate wake. Simwandiki hapa kama shujaa.

Baada ya vita alirejea Uingereza, kisha mwaka 1855 akapewa nafasi katika msafara wa kuchunguza kaskazini mwa Australia ulioongozwa na Augustus Gregory. Kazi yake ilikuwa mbili kwa pamoja: kuchora na kutunza ghala. Aliifanya kwa sifa. Mto mmoja na mlima mmoja katika sehemu zile hubeba jina lake hadi leo, na aliporudi London mwaka 1857 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpokea kuwa mwanachama. Tuyakumbuke haya. Mtu aliyepewa funguo za ghala la watu waliokuwa maelfu ya maili kutoka duka la karibu, naye akazirejesha bila lawama, ndiye aliyepewa tena funguo nyingine mwaka uliofuata.

Mwaka huo, 1858, serikali ya Uingereza ilimtuma David Livingstone kwenda kuuchunguza mto Zambezi. Livingstone alikuwa amekwisha kuvuka bara kutoka magharibi hadi mashariki, na jina lake lilikuwa likitajwa katika kila nyumba ya Uingereza. Aliamini kwamba Zambezi ungeweza kuwa njia kuu ya meli za biashara na za dini hadi ndani ya bara. Waliofuatana naye walikuwa wachache: Norman Bedingfeld, afisa wa jeshi la majini, John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, Charles Livingstone, ndugu yake kiongozi, Richard Thornton, mwanajiolojia kijana, George Rae, mhandisi wa mitambo, na Thomas Baines, mchoraji na mtunza ghala. Waling'oa nanga Liverpool mwezi Machi wakiwa na meli ndogo ya mvuke iliyobebwa vipandevipande. Meli hiyo iliitwa Ma-Robert. Wasomaji wetu hawatahitaji kufasiriwa jina hilo: mke wa Livingstone alikuwa ameitwa hivyo na Waafrika walioishi naye kusini, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama vile jirani yetu anavyoitwa Mama Fulani. Meli yenyewe haikuwa na heshima ya jina lake. Ilikula kuni nyingi, ikaenda polepole, na haikuchukua muda kuanza kuvuja.

Mwezi Septemba 1858 walifika Tete. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili mji huu si mgeni kabisa. Kabla ya Wareno kuja, wafanyabiashara Waislamu wa pwani, watu wa ulimwengu ule ule wa Kilwa na Sofala, walikuwa wakiupanda mto huu hadi Sena na kuendelea bara kutafuta dhahabu. Wareno waliwaondoa kwa nguvu katika karne ya 16, na Tete ikawa kituo chao cha mbali. Kufikia wakati wa Baines ulikuwa mji uliochoka. Ulijengwa juu ya mteremko mrefu unaoshuka hadi mtoni, ngome ikiwa karibu na maji. Nyumba za Wazungu zilipata thelathini hivi, za mawe yaliyoshikizwa kwa udongo badala ya chokaa, zikaezekwa kwa matete na nyasi. Nyumba za wenyeji zilikuwa za fito na udongo. Vijito vikavu vilivyopita baina ya matuta ya mawe ndivyo vilivyotumika kuwa njia, na mnili uliojiotea wenyewe ulizifunika isipokuwa pale nyayo za watu zilipopita. Mbele yake mto una upana unaokaribia mita 900.

Huo ndio mji alioukabili Baines na sanduku lake la rangi. Aliuchora mtaa wake mkuu, akachora watu wake, mashua zake, na hata wachimbaji katika tabaka la makaa ya mawe yaliyoko karibu na mji. Ukizitazama picha zake za Zambezi huwezi kusema kuwa ni za mlimbwende halisi. Mlimbwende halisi angeufunika mji kwa ukungu, akaongeza gofu mahali pasipokuwa na gofu. Baines anazo mbingu pana na milima ya samawati nyuma, hayo aliyarithi kutoka kwa wakubwa wa fani katika karne yake; lakini chini ya mbingu hizo kila kitu kimehesabiwa. Jani la mgomba ni la mgomba, kamba ya mashua imefungwa palipostahili kufungwa. Ni mtunza ghala anayechora. Wahakiki wa sanaa wameliona hilo kuwa upungufu wake. Mimi naliona kuwa ndilo linalotuwezesha kuzitumia picha hizo leo kama ushahidi, hasa kwa vile sehemu kubwa ya mto aliyoichora haiko tena kama alivyoiona: tangu mwaka 1974 Zambezi umezibwa kwa bwawa la Cahora Bassa, juu ya Tete.

Na hapo Cahora Bassa ndipo mambo yalipoharibikia. Katika safari yake ya kwanza Livingstone alikuwa ameikata njia, hakupita kwenye magenge ya mahali hapo. Mwezi Novemba 1858 aliyaona kwa macho yake. Mto ulikuwa ukiporomoka baina ya kuta za mawe. Hapakuwa na meli ya kupita hapo. Kiongozi aliyeiahidi nchi yake njia kuu ya majini alikuwa amesimama mbele ya lango lililofungwa. Tangu siku hiyo hasira zake zilitafuta watu wa kuwashukia. Bedingfeld alikuwa ameshaondoka baada ya ugomvi. Thornton alifukuzwa katikati ya mwaka 1859 kwa madai ya uvivu, ilhali kijana huyo alikuwa mgonjwa. Kisha ikafika zamu ya Baines.

Baines alikuwa ameachwa Tete kutunza mali ya msafara. Jua lilimpiga, homa ikamshika mara kwa mara, na katika siku mbaya zaidi akili yake ilimpotea. Katika hali hiyo alitakiwa ajue kila kilo ya sukari iliyoingia na iliyotoka. Wareno wa mjini walimkaribisha majumbani mwao, naye akawarudishia ukarimu, kama ilivyo desturi ya mgeni mwenye haya. Charles Livingstone, ambaye mwenyewe hakuwa akiheshimiwa sana na wenzake, ndiye aliyepeleka mashtaka kwa ndugu yake: kwamba Baines aliwagawia Wareno vyakula vya msafara, na kwamba alitumia turubai na rangi za serikali kuwachorea watu binafsi. Mwezi Julai 1859 David Livingstone aliandika barua ya kumfukuza. Hakumkabili kwanza. Hakumwita mshtaki na mshtakiwa wakae mahali pamoja. Hukumu ilitangulia, uchunguzi ukafuata.

Aliyetumwa kufanya uchunguzi huo alikuwa John Kirk, akifuatana na mhandisi Rae. Walikwenda Tete, wakayafungua masanduku ya Baines na kuyakagua. Hawakupata ushahidi wa kumtia mtu hatiani kwa wizi. Pamoja na hayo, amri haikubadilika. Baines alitengwa na meza ya wenzake, akasafirishwa hadi mdomo wa mto kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na mwezi Desemba 1859 akapandishwa meli iliyomrejesha Cape Town.

Jina la Kirk linatugusa sisi wa pwani kwa njia nyingine. Ndiye yule yule aliyehamia Unguja mwaka 1866 na baadaye kuwa balozi wa Uingereza, ambaye mwaka 1873 alimkabili Sultan Barghash hadi soko la watumwa likafungwa. Wazee wa Lamu na Witu waliyaonja matokeo ya siasa zake. Tumezoea kumsoma kama mtu wa mikataba na manowari. Si rahisi kumwona akiwa kijana amepiga magoti sakafuni katika nyumba ya Tete, akifungua masanduku ya mwenzake mgonjwa kwa sababu ameamriwa. Thornton naye alijikuta upande wetu: mwaka 1861 alifuatana na Baron von der Decken kupanda sehemu ya mlima Kilimanjaro, akachora ramani zake, halafu akarudi Zambezi na kufariki huko mwaka 1863.

Msomaji aniwie radhi nikitaja jambo la nyumbani. Mjomba wangu aliwahi kuwa mtunza stoo wa mkandarasi mmoja aliyekuwa na kazi huku kwetu bara ya Lamu. Mifuko ya saruji ilipungua, yeye akaambiwa asirudi kesho yake. Hakuitwa kuhesabu pamoja na waliohesabu. Nilipokuwa mdogo nilidhani kilichomuumiza ni kukosa mshahara. Sasa najua kilikuwa ni kupita sokoni. Watu hawakumwambia neno. Walimsalimu vizuri kupita kiasi. Ninapomsoma Baines nadhani namwelewa kwa sababu hiyo, na nakiri kwamba huenda sababu hiyo inaniegemeza upande wake.

Kwa maoni yangu, kosa la msingi lilikuwa ni kumpa mchoraji funguo za ghala katika msafara uliokuwa na homa, chuki na meli mbovu. Kazi moja ilimtaka atoke nje, akae na watu, avutiwe na sura na nyumba zao. Nyingine ilimtaka akae ndani, amshuku kila anayepiga hodi. Australia aliziweza zote mbili kwa kuwa kiongozi alimwamini. Tete hakuaminiwa. Aidha, inawezekana kabisa kwamba sukari ilipungua kweli, na kwamba mtu mwenye homa aliitoa bila kuandika. Lakini baina ya uzembe wa mgonjwa na wizi kuna umbali, na umbali huo ndio hasa ambao baraza la kusikiliza mashtaka lingeupima.

Baines aliomba baraza hilo kwa miaka. Aliandika barua Cape Town, akaandika London, akataka akutanishwe na waliomshtaki. Lakini ni nani angesimama kumhukumu Livingstone? Chama kilichompendekeza Baines ndicho kilichomtukuza Livingstone. Walimhurumia mmoja kwa faragha na kumshangilia mwingine hadharani.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu. Mwaka 1861 alifunga safari kutoka pwani ya magharibi, huko Walvis Bay, pamoja na mfanyabiashara James Chapman, akikusudia kuufikia mto Zambezi kutoka upande wa juu na kuteremka nao kwa mashua hadi baharini. Njia hiyo ingempitisha Tete. Mashua za shaba alizitengeneza mwenyewe na kuzichukua kwa magari ya ng'ombe kupitia jangwani. Mwezi Mei 1862, katika nchi iitwayo leo Botswana, aliichora mibuyu iliyokusanyika pembeni mwa bonde la chumvi. Mibuyu hiyo ingali imesimama, na hujulikana kwa jina lake. Mwezi Julai mwaka huo huo walifika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo Livingstone alikuwa ameyaita kwa jina la Malkia Victoria. Baines alikaa siku nyingi akiyachora kutoka kila upande, akilowa mvuke, akikausha karatasi zake juani. Anatajwa kuwa mchoraji wa kwanza kuyachora maporomoko hayo akiwa papo hapo, na picha zake zilipochapishwa London mwaka 1865 watu wa Ulaya waliyaona kwa rangi mara ya kwanza. Utukufu wa maneno ulikuwa wa Livingstone. Wa macho ulikuwa wa Baines. Lakini mashua hazikuteremka. Homa na njaa viliwarudisha nyuma, na Tete hakuiona tena.

Miaka yake ya mwisho naipitia haraka. Mwaka 1869 aliongoza msafara wa kampuni ya kutafuta dhahabu hadi nchi ya Wandebele, na mwaka 1871 akapata kibali cha maandishi kutoka kwa Mfalme Lobengula. Kampuni ikafilisika, madeni yakamwangukia yeye. Alirudi Natal akayalipa kwa brashi, akichora picha na kutoa mihadhara, huku akipanga safari nyingine. Ugonjwa wa kuhara damu ulimuua mjini Durban tarehe 8 Mei 1875, akiwa na umri wa miaka 54. Hakuwahi kuoa.

Livingstone alikuwa amefariki miaka miwili kabla yake, Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo. Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, na Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey mbele ya wakubwa wa nchi. Barua ya kumfukuza Baines haikuwahi kufutwa.

Picha zile za Zambezi zilikwenda London na bado ziko huko, katika hazina ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, kile kile alichokiandikia barua akiomba asikilizwe. Nimeziona kwa nakala tu. Katika ile ya mtaa mkuu wa Tete, iliyochorwa 1859, mwaka ule ule wa shtaka, nilitafuta kwa muda dalili yoyote ya mkono uliotetemeka kwa homa, na sikuiona.